Mama Dalila Ayoubu na Barua Kumi na Moja Alizozifuta

Tarehe 31 Machi 2021, Mama Dalila Ayoubu anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Mawasiliano cha Kando ya Ziwa, hapa mtaa wa Mulongwe, mjini Uvira, kwa miaka thelathini na miwili na mwezi mmoja. Huo mwezi mmoja ameniagiza mwenyewe nisiusahau. Alisema aliufanyia kazi, basi uandikwe.

Kamati ya sherehe iliniomba ukurasa mmoja kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Nimekaa naye chumba kimoja tangu 2006, meza zetu zikigusana, na najua kwamba ukurasa mmoja hautoshi. Mwanamke aliyefundisha nusu ya Uvira kufungua barua pepe haenei kwenye ukurasa mmoja labda tumkunje, na hakunjiki. Kamati itanisamehe.

Alizaliwa hapa hapa Uvira, katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao mababu zao walikuja na biashara ya ziwa wakapapenda, wakabaki. Baba yake, Mzee Ayoubu, aliuza vitambaa na alitaka binti yake akae dukani. Binti akaenda kujifunza mashine ya kuandikia kwa masista, Mwislamu peke yake katika darasa la wasichana ishirini. Sista mwalimu alikuwa akifunika herufi kwa kipande cha kitenge ili vidole vijifunze njia vyenyewe. Mpaka leo Mama Dalila anaandika huku akitazama dirishani, akikusalimia, na akikuuliza kama mtoto amepona homa. Sisi wengine tunatafuta herufi moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1989, kazi yake ikiwa mashine ya kuandikia na phonie, ile redio ya kuitana ambayo mtu akimaliza kusema anampa mwenzake nafasi kwa kutamka "à vous". Phonie yenyewe haipo tena, lakini "à vous" haikumtoka. Alikuwa akiisema mwisho wa kila simu, hata alipokuwa akizungumza na daktari wa meno. Vita vya 1996 vilipofika mjini, phonie ikaibiwa. Ikaletwa nyingine, na vita vya 1998 vikaichukua hiyo nayo. Mashine ya kuandikia iliachwa mara zote mbili, na nadhani Mama Dalila hakuwahi kuwasamehe wale wezi kwa dharau hiyo.

Mwaka 2001 tulipata kompyuta ya kwanza na mtambo wa satelaiti juu ya paa. Siku hizo hapakuwa na mtu mwenye anwani yake mwenyewe ya barua pepe, kwa hiyo Kituo kilifungua anwani moja kwa ajili ya watu wote. Ndugu waliotawanywa na vita, waliokuwa Bujumbura, Kigoma, au kwenye kambi za Tanzania, waliandika kwenye anwani hiyo. Katika mstari wa mada, ule wa juu kabisa unaoonekana kabla barua haijafunguliwa, walitakiwa kuweka jina la mwenye barua na mahali anapokaa. Mama Dalila alisoma mada, akaandika majina kwa chaki kwenye ubao nje ya mlango, na watu wakaja kutazama. Kila alasiri ua wetu ulijaa.

Sanduku lile la barua lilikuwa dogo. Picha moja tu ya harusi za siku hizi isingeingia humo. Likijaa, barua mpya zilikuwa zikirudishwa kwa waliozituma, na mtambo wa satelaiti nao ulihesabiwa kwa dakika. Kwa sababu hiyo mkurugenzi wetu wa wakati huo, Papa Bonaventure Bigirimana, aliweka sheria: barua isiyo na jina kwenye mada haifunguliwi, na kila Jumamosi barua za namna hiyo zinafutwa ili nafasi ipatikane.

Sheria ilikuwa nzuri kwa watu wengine, si kwa watu wa huku. Sisi hatuwezi kumtaja mtu kabla ya kumsalimia. Mtu wa Ruzizi akipewa mstari mtupu, anaanza na salamu za asubuhi, anapitia afya, mvua na mazao, na akifika kwenye jina mstari umeshaisha. Kwa hiyo kila wiki zilikuja barua ambazo mada yake ilisema tu "Salamu nyingi sana katika jina la Bwana, habari za siku zote hizo, sisi huku tuko", na hapo mstari ulikatika. Mama Dalila alicheka, akalalamika, akabandika matangazo, akatuma ujumbe makambini. Salamu ziliendelea kuja.

Sasa lazima niingie mimi mwenyewe, ingawa si sherehe yangu.

Kwetu ni Mutarule, kwenye tambarare ya Ruzizi. Agosti 2001 risasi zilipoanza, baba yangu, Félicien Ngendakumana, alikuwa shambani upande wa mto, na mimi, Amandine, na mama yangu, Pudentienne, tulikuwa nyumbani. Kila mtu alikimbia kutoka pale alipokuwa. Sisi tuliishia Mulongwe, na baba hatukujua aliishia wapi. Kwa miezi kumi na minne mama alikuja kila alasiri kusoma ule ubao mpaka mwisho, kisha akaanza tena juu, labda jina limeongezwa. Wajomba walikuwa wameanza kusema matanga yafanywe sasa, misa isomwe, mama avae nguo za ujane. Mama alikuwa amewaomba wangoje mwisho wa Oktoba 2002. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimeshakubaliana na wajomba, jambo ambalo sijawahi kumwambia mama mpaka nilipoandika mstari huu.

Jumamosi moja ya mwezi huo wa Oktoba sanduku lilikuwa limejaa, barua zilikuwa zinarudishwa, na Mama Dalila akafuta barua kumi na moja zenye salamu tupu. Alizifuta kwa mpigo, kama sheria ilivyotaka. Jumapili mapigano yaliingia mjini. Mtambo wa paa ukapigwa, laini ikafa, na watu wa jirani wakakimbilia katika ua wa Kituo, mama na mimi tukiwemo. Wiki hiyo mji ulibadilisha wenye bunduki, na sisi tulikaa uani tukipika uji kwenye sufuria ya Mama Dalila.

Jumatano akaingia Generose Niyonkuru, mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyetufahamu, ambaye alikuwa ameshuka kutoka mashua ya Kigoma siku moja kabla ya mapigano akanasa mjini. Alipomwona mama aliweka beseni chini kwa hasira.

"Pudentienne! Félicien aliwaandikia, mbona mulinyamaza? Minye nilikuwapo akiandika, pale mu kambi. Anasema mwezi ukiisha bila jibu, atajua mulikufa, atapanda ile gari inapeleka watu kambi ingine, kule mbali. Kisha hiyo hatarudia tena huku."

Aliyeuliza ni Mama Dalila, ambaye alikuwa akipakua uji. Aliuliza barua ilianza na maneno gani. Generose alijibu kwa fahari kubwa kabisa, maana alikuwa amesaidia kuyatunga:

"Salamu! Salamu mingi, mizuri, zilijaza ule mustari wa juu mupaka mwisho."

Mama Dalila aliuweka mwiko chini. Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu hata mmoja uani pale aliyejua barua hufutwaje, na mkurugenzi alikuwa amejificha kwa shemeji yake. Alimsogelea mama, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Mama Amandine, ile barua ilifika. Ni minye niliitupa."

Nilimchukia. Mama Dalila ameisoma rasimu hii, akaniambia neno hilo nisilitoe.

Kisha akaeleza, kwa utaratibu ule ule ambao baadaye ulimpatia umaarufu redioni, kwamba barua pepe ikifutwa haipotei papo hapo. Inaingia kwenye kapu la taka, inakaa humo siku saba, ndipo inateketea. Siku saba zilikuwa zinaisha Jumamosi. Mama aliuliza kapu lenyewe liko wapi, tukalitafute.

"Iko Amerika," alisema Mama Dalila. "Lakini ufunguo iko na minye."

Kwa vile laini yetu ilikuwa imekufa, mahali pa karibu pa kupata mtandao palikuwa Bujumbura. Ijumaa asubuhi risasi zilitulia na tukasikia kwamba mpaka wa Kavimvira umefunguliwa. Mama Dalila alijifunga kanga, akachukua daftari na kalamu mbili. Mama akanituma niende naye. Nataka ieleweke kwamba hakunituma kumsaidia. Alinituma kumchunga asigeuke njiani. Tulitembea mpaka Kavimvira, tukavuka, na Gatumba, upande wa Burundi, tukapata baiskeli mbili za abiria. Nilikuwa nimemnunia, na yeye aliniacha ninune.

Katika duka la mtandao la Bujumbura alikaa, akatazama ukutani kama kawaida yake, vidole vikakimbia, akabonyeza. Mashine ikasema neno la siri si sahihi. Akaandika tena, taratibu zaidi. Si sahihi. Alijua sheria ya kampuni ile ya barua: ukikosea mara tatu, mlango unafungwa mpaka kesho yake saa hiyo hiyo, na kesho yake saa hiyo hiyo kapu lingekuwa limeshamwagwa.

Nilianza kulia. Yeye aliondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia. Kweli, aliikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani. Alikaa hivyo kitambo, midomo ikitembea. Halafu akatoa kidole kimoja, akaenda kwenye nafasi ya juu, ile ya kuandikia anwani ambako herufi hazifichwi kwa nyota, na akaandika neno la siri pale ili alione kwa macho yake. Lakini kabla hajabonyeza herufi ya kwanza alinigeukia, machozi yangu yote yale, akaniambia, "Weye, angalia kule."

Nikaangalia kule. Nikasikia anacheka. Kibodi ile ilikuwa imeletwa kutoka nchi zinazotumia mpangilio wa Kiingereza, na vidole vyake vilikuwa vimefundishwa na masista mpangilio wa Kifaransa. Alipopiga "a" mashine iliandika "q". Mtu yeyote anayetafuta herufi kwa macho, kama mimi, asingekosea hata mara moja. Mwandishi wetu hodari kuliko wote ndiye aliyekuwa karibu kutufungia mlango. Mara ya tatu aliandika kwa kidole kimoja, akiinama juu ya kila herufi, na mlango ukafunguka.

Barua kumi na moja zote zilikuwa kapuni. Ya sita ilikuwa ya baba. Baada ya salamu, ambazo ziliendelea ndani kwa mistari mingine minne, alisema maneno yale yale aliyoyaleta Generose: mwezi ukiisha kimya, atajua. Mama Dalila aliniuliza aandike nini. Mimi nilikuwa nikirudia kusoma jina la baba, basi aliandika mwenyewe, na hii hapa ndiyo barua yenyewe:

"Félicien, Pudentienne iko muzima. Amandine iko muzima, iko pembeni yangu. Barua yako ilifika, ni minye niliitupa kwa makosa. Unisamehe. Usipande ile gari. Dalila Ayoubu, Uvira."

Kisha akazirudisha zile nyingine kumi sandukuni, na kila moja akainakili kwa mkono kwenye daftari. Wiki zilizofuata alizipeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na ile ya Bijombo ilipanda mlimani na wachungaji. Nane zilipata wenyewe. Mbili bado ziko sandukuni hadi leo, na ndiyo sababu ya kwanza kwa nini anwani ile haijafungwa.

Jibu la baba halikuja. Oktoba iliisha, Novemba ikaisha. Wajomba walirudi na habari za matanga, wakisema barua si mtu, na safari hii Mama Dalila alikaa nao mkekani akawaambia wangoje, na hakuwa na jibu lolote la kuwaonyesha. Mama naye alikuwa ameacha kusoma ubao. Nilimwona Mama Dalila akikonda. Tarehe 9 Desemba, mchana, baba aliingia uani kwa miguu yake akiwa na godoro la sponji kichwani. Godoro hilo alilitoa wapi hajawahi kueleza vizuri. Mama alipiga kelele moja, akakimbilia jikoni, akarudi, akakimbilia tena jikoni. Chakula cha siku hiyo kilipikwa kwa Mama Dalila, kwa sababu sisi hatukuwa na unga.

Mkurugenzi aliporudi kutoka kwa shemeji, Mama Dalila alimdai sheria ibadilishwe: hakuna barua kufutwa bila kufunguliwa kwanza. Papa Bonaventure alisema dakika za satelaiti hazitoshi. Akajibiwa, "Basi Directeur, weye ndiye utakuwa unazitupa kila Jumamosi, na jina yako tutaandika kwa ubao." Sheria ikabadilishwa kabla ya chakula cha mchana. Ili nimtendee haki Papa Bonaventure, niongeze kwamba yeye pia alikuja kuwa mwanafunzi wake, baada ya siku ile alipotaka kumwandikia mkewe malalamiko juu ya mchuzi wa jana na akabonyeza kitufe cha kujibu wote. Mchuzi ule ulijadiliwa Kinshasa.

Kuanzia 2006 Mama Dalila aliendesha kipindi chake cha redio, "Sanduku Wazi", kila Alhamisi. Habari za teknolojia zilikuwa robo saa ya kwanza. Minara ya simu, simu zenye picha, mitandao ya kijamii, vyote Uvira ilivisikia kwanza kutoka kwake, na kila kitu kipya alikieleza kama jirani mpya aliyehamia: anatoka wapi, ana faida gani, na umfungie nini kabatini. Robo saa ya pili ilikuwa matatizo ya barua pepe. Aliifungua kila mara kwa maneno yale yale, miaka kumi na mitano bila kuchoka: "Minye Dalila, nilifutaka barua ya mutu. Kwa hiyo musikilize."

Na watu walisikiliza. Aliwafundisha kutazama kapu la taka kabla ya kulia. Aliwafundisha kwamba barua inayosema umeshinda bahati nasibu ambayo hukucheza inafaa kuchekwa, si kujibiwa. Alikataza majina ya watoto yasitumike kama neno la siri, kwa sababu, alisema, "huku kila mutu anajua mutoto yako, hata ule mwenye hajazaliwa." Kama mashine inakataa neno lako, alisema, usibishane nayo, liandike kwanza mahali unapoliona. Na kiambatisho kiwekwe kabla ya barua kuandikwa, maana sisi tukishamaliza salamu tunasahau tulichokuja kutuma.

Aprili mwaka jana mto Mulongwe ulipofurika ukaingia ofisini, alibeba kompyuta kubwa kichwani, maji yakiwa magotini, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikataa kupokewa. Alisema mimi nina mikono ya kutafuta herufi, nitaiangusha.

Anayemrithi ni mimi, na neno la siri nimepewa juzi, mlango ukiwa umefungwa. Sanduku sasa ni kubwa, lina barua elfu arobaini na zaidi, na tangu sheria ile ibadilishwe hakuna hata moja iliyofutwa bila kusomwa. Yeye anakwenda kukaa katika duka la vitambaa, pale baba yake alipotaka akae tangu mwanzo. Wajukuu wanasema ameshapeleka kibodi.

Mama Dalila, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa uji wa ile wiki. Mungu akupe afya, biashara yenye wateja wasiobishana sana, na usingizi mrefu wa asubuhi ambao Kituo hiki kilikunyima.

Limebaki jambo moja. Baba yangu ana miaka sabini na mmoja sasa na atakaa safu ya mbele siku ya sherehe. Nilipomsomea rasimu hii na kufika kwenye barua ya Bujumbura, alinisimamisha. Alisema pale Mama Dalila alipoandika "unisamehe" yeye hajawahi kujibu, na imekuwa miaka kumi na minane, na ni aibu. Ameniagiza niandike jibu lake hapa, mbele ya wote, nami naliandika kama alivyolisema:

"Mwambie Mama Dalila sikumujibu juu sikubakia pale. Walinipatia ile karatasi, nikasoma majina yenu mbili, nikaikunja, nikaanza kutembea. Kule chini kwenye anaomba musamaha sikufika. Nilikuja kupasoma hapa Uvira, na siku ile nilikuwa nimeshakula kwake. Sasa nisamehe nini tena?"

Amandine Uwimana, dawati la barua